Mwalimu Hajala

Ukifika kwa Mwalimu saa za chakula, hakukukaribisha kama watu wengine. Alikutazama kwanza usoni, akakutazama mikono, kisha akauliza, "Una njaa, au umenusa?" Watu wazima walibabaika. Nimemwona mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimiwa hapa Nyanga, ameshika kofia yake mkononi anajibu kama mtoto, "Nimenusa, Mwalimu." Naye akasema, "Vizuri, kaa. Aliyenusa anapewa kidogo. Mwenye njaa anapewa cha kumtosha, lakini polepole." Hakumfukuza mtu. Ila hukula pale bila kujieleza.

Mimi nilimwogopa, nasema wazi. Kibanja chake na changu vimepakana, migomba yake inaanguka kwangu na yangu kwake. Nilimkuta pale nilipoolewa, na sasa nina wajukuu wanaonyoa ndevu. Miaka yote hiyo sijawahi kuinua tonge mbele yake bila kujiuliza kwa nini naliinua.

Naandika habari zake kwa sababu ya simu. Mwaka huu mwanawe alimchukua akakae naye Muleba, maana alikuwa anaishi peke yake na mara mbili tatu alikuwa amesahau moto jikoni. Hazijapita siku nyingi, mke wa huyo mwanawe akanipigia analia. Ni binti wa Singida, mwenye adabu sana.

"Mama Koku, nisaidie. Mama anakula, anamaliza sahani. Nikiondoa tu vyombo anasema hajala. Anasema kwa sauti, majirani wanasikia, wananitazama kama namtesa njaa. Mume wangu anasema ni kichwa, kimeanza kuharibika. Wewe umekaa naye miaka yote. Ni kichwa kweli?"

Nikamuuliza, "Mwanangu, unampa nini?"

"Ugali, mama. Siku nyingine wali. Na samaki, na mboga."

Nilicheka mpaka kuku wakakimbia uani. Nikamwambia, "Basi anasema kweli. Hajala."

Kwa asiyetujua inabidi nieleze. Kwetu Uhayani kula ni kula ndizi, ebitoke, zile za kumenya na kupika, pamoja na maharage au samaki. Kingine chote kinaingia tumboni lakini hakiitwi chakula. Mtu anaweza kunywa uji, akamaliza ugali, akateremshia na chapati, ukimuuliza kama amekula anakujibu hajala, na hakudanganyi. Tumbo limejaa lakini siku yake haijakamilika. Wageni wanatucheka kwa hilo, wanasema ni majivuno yetu. Siyo majivuno. Ndivyo neno lilivyo mdomoni mwetu.

Na Mwalimu ndiye aliyenionyesha kwamba neno hilo linaweza kuua. Fundi seremala mmoja, jirani yetu, alikuwa na ngiri, akapangiwa upasuaji mjini. Hakuwa na mke, tukamsindikiza sisi wawili. Asubuhi akaja nesi kijana, mwenyeji wa mikoa ya mbali, mpole, akamuuliza, "Baba, umekula?"

"Sijala," akasema fundi.

Nesi akaandika. Kitanda cha magurudumu kikasogezwa. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi, akasimama ghafla hata pochi yake ikaanguka.

"Binti, muulize tena. Usimuulize kama amekula. Muulize ameweka nini tumboni."

Nesi akamtazama kama anayetazama mkorofi, lakini akauliza. Fundi akajibu bila wasiwasi, "Aa, nimekunywa uji kidogo. Na kile kiporo cha ugali, na dagaa. Lakini chakula sijala, mwanangu, mmenikataza."

Upasuaji ukasogezwa hadi kesho yake. Fundi alikasirika sana. Alimwambia Mwalimu kwamba amemchongea, kwamba sasa atashinda na njaa siku mbili kwa ajili ya umbea wa mwanamke mmoja. Tulipotoka nje ya geti Mwalimu akaketi kwenye nyasi, gauni zuri na yote.

"Wangemlaza usingizi," akasema, "chakula kikapanda, kikamziba pumzi. Mama Koku, mtu angekufa kwa neno moja. Na neno lenyewe hata siyo uongo."

Ndiyo siku niliyojua kwamba yule mtu tuliyemwogopa wote, naye anaogopa, pengine kutuzidi.

Kwa hiyo niliposikia habari za Muleba nilijiona nimeshatoa jibu. Nilimwambia yule binti, "Tafuta ndizi, mpe, utaona atakavyotulia." Nikakata simu nikiwa na raha.

Mwalimu alikuwa na kahawa. Si ya kunywa, ni ile ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani yake yenye harufu kisha zikakaushwa. Kila nyumba huku inampa mgeni kahawa ya kutafuna, ni heshima tu. Yeye alikupa akakutazama unavyotafuna. Ukitafuna moja moja huku unaongea, alijua umeshiba, umekuja kwa maneno. Ukitia nne kwa mpigo ukanyamaza, alikuwa anainuka kimya kimya kwenda jikoni, na baada ya muda unaletewa sahani bila kuulizwa lolote. Aliniambia kwamba watu wengi hapa wanaidanganya njaa kwa kahawa, kisha wanasema kahawa ndiyo starehe yao.

Shuleni, alipokuwa bado anafundisha, mtoto akisinzia darasani walimu wengine walimwinua kwa fimbo. Yeye naye alikuwa na fimbo, tena alipiga, asikudanganye mtu. Wanangu wote wana alama zake. Lakini kabla ya fimbo aliuliza, "Jana mlipika saa ngapi nyumbani?" Mtoto akijibu haraka, alichapwa, maana alikuwa mvivu tu. Mtoto akifikiri kwanza, hakuchapwa. Nilimuuliza sababu. Akasema mtoto anayefikiri anatafuta uongo wa kumficha mama yake.

Misibani hakukaa na waombolezaji. Alisimama karibu na masufuria, kanga imefungwa kifuani, macho kwenye watu. Siku moja tulikuwa msibani Buhembe, akanigusa kiwiko.

"Mtazame yule baba mwenye koti. Anaongezewa mara ya tatu."

"Mlafi," nikasema.

"Hana hata njaa. Angalia anavyotafuna, hamezi. Anaogopa kurudi nyumbani kwake. Aliyefariki ndiye alikuwa anamsindikiza kila jioni."

Akamfungia ndizi kwenye jani la mgomba, akampelekea, akamwambia, "Hizi utakula ukifika." Yule baba alishika lile jani kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Mume wangu alipofariki, mimi mwenyewe nilikula. Sijui kama wengine wamepata jambo hilo. Wenzangu walilazimishwa uji kwa kijiko, mimi nilikuwa nakula kila kilichopita mbele yangu, ndizi, maharage, mkate wa wageni, nakula na machozi yanaingia mdomoni. Mawifi zangu walikuwa wananong'ona. Niliona aibu hadi nikajifunika shuka, nikaendelea kula chini ya shuka. Mwalimu akaja akaketi, akainua pembe ya ile shuka.

"Kula," akasema. "Mwili wako umeogopa. Umeona mmoja ameondoka, unadhani na wewe utaachwa. Kula mpaka uamini kwamba bado upo."

Kisha akawageukia mawifi. "Na nyie mnanong'ona nini? Nendeni mkamenye ndizi."

Sikujua kama anakumbuka alilonitendea siku ile. Sasa najua hakumbuki.

Kulikuwa na habari ya senene, wale panzi wa kuliwa. Mwezi wa kumi na moja wakiingia, mji wote unakimbia na ndoo, taa zinawashwa, kila mtu anacheka. Lakini zamani mwanamke wa Kihaya aliwakusanya, akawanyonyoa mbawa na miguu, akawakaanga, akawapeleka kwa mwanamume, basi. Yeye hakula, ilikuwa mwiko. Mwalimu alikuwa anatuhadithia alivyowala mara ya kwanza, na kila alipohadithia tulicheka upya, naye hakucheka.

"Niliingia jikoni nikatia mmoja mdomoni. Nikakaa nasubiri nife."

"Ukafa?" Hilo lilikuwa swali langu, nililiuliza kila mwaka.

"Nilitapika."

"Kumbe walikuwa wabaya."

"Watamu kuliko nyama. Sikutapika senene, Mama Koku. Nilitapika woga."

Akatia wengine mdomoni palepale, akatutazama mmoja mmoja, tukala na sisi. Tumbo, alisema, linasikiliza kichwa kabla ya kusikiliza ulimi.

Lakini mtu huyohuyo aliyejua matumbo ya wilaya nzima, la kwake alilificha. Alitufundisha kula polepole, tumeketi, tunaongea. Mimi nilimkuta nyuma ya jiko lake asubuhi moja, nimekwenda kuazima jembe. Alikuwa amesimama, ameupa mlango mgongo, anakula kiazi kwa haraka kama mtu anayefukuzwa, shingo inakwenda mbele kila akimeza. Nilirudi nyuma bila kukohoa. Jembe nikaazima kwingine.

Alichukia uchoyo, na alikuwa anaficha chakula. Hili nililiona nilipomsaidia kufagia chumbani alipougua mgongo. Chini ya kitanda kulikuwa na ndoo ya maharage, na mihogo mikavu ndani ya gunia, na chumvi kwenye kila kopo lenye mfuniko. Nyuma ya kabati kulikuwa na mahindi ambayo yalishaliwa na wadudu, yamebaki unga mtupu.

"Haya yote ya nini, Mwalimu?"

"Wageni wanaweza kuja."

"Wageni gani wanaolala uvunguni?"

Alinipokonya ufagio. Hakunisemesha mpaka Jumapili kanisani, tena wakati wa kupeana amani, padri akiwa anatutazama.

Hakunieleza kamwe alikoupata woga wote ule. Nami sikumuuliza. Mtu aliyetuuliza sote, hatukuthubutu kumuuliza.

Kisha ukaja mnyauko wa migomba. Walioupitia hawapendi kuusemea. Mwalimu ndiye aliyeuona kwangu kabla yangu, akaniita kwa sauti nyembamba ambayo sikuijua. Jani moja la mgomba lilikuwa limegeuka njano na kulegea wakati udongo una maji. Ua la mkungu limesinyaa. Akakata ndizi moja, ndani nyeusi. Akakata shina, likatoka ute wa njano kama usaha. Alikiangusha kisu chini.

"Usikiguse," akasema. "Usikate mwingine kwa kisu hiki. Washa moto tukichome."

Tuling'oa. Tulizika migomba kama watu. Kila asubuhi nilitoka nje nikiwa nimefumba macho, nikawa nayafumbua kidogokidogo, nihesabu majani mabichi yaliyobaki. Usiku wa upepo ulikuwa mbaya, kila jani lililopasuka nilidhani ni mgomba unakata roho. Huelewi mtu wa kwetu asiye na kibanja ni nani. Ni mtu asiye na mlango. Wajukuu walikuwa wadogo, wakishamaliza ugali wananitazama, "Bibi, tutakula saa ngapi?" Nilikuwa naondoka nakwenda kusimama nyuma ya nyumba.

Ndipo Mwalimu alipoanza jambo ambalo sikulipenda. Alikuwa anatoka uani na sahani yake ya mihogo, anaila hadharani, jambo ambalo hakulifanya maisha yake yote. Akimaliza anainua sahani tupu na kupiga kelele juu ya mpaka.

"Mama Koku! Nimekula!"

"Umekula nini?"

"Mihogo! Nimekula! Na wewe sema!"

"Siwezi kusema uongo, Mwalimu."

"Sema, hao watoto wakusikie. Wakisikia kila siku hatujala, wataota njaa hata wakishiba. Sema!"

Nikasema. Kwa aibu mwanzoni, kisha kwa sauti. Nimekula, Mwalimu! Viazi! Nami nimekula, Mama Koku! Magimbi! Wajukuu wakaona ni mchezo, wakawa wanapiga kelele na wao. Watu wa njiani walidhani tumerukwa na akili. Migomba mipya ilipozaa, sisi wengine tulirudi kwenye usemi wetu wa zamani siku ileile. Yeye hakurudi. Tangu mnyauko, Mwalimu akila chochote, hata mkate mkavu, alisema amekula. Alisema neno lile lilimgharimu sana kulijifunza, hawezi kulitupa.

Hili ndilo sikulikumbuka nilipoongea na yule binti. Nilikuwa nimecheka, nimekata simu, nimeendelea kumenya ndizi zangu za mchana, na kisu kikasimama katikati ya ganda.

Kama Mwalimu alikuwa ameshaacha kusema hivyo, tena kwa miaka, nani huyo alikuwa anasema hajala kule Muleba?

Nilikaa pale na ndizi nusu imemenywa mpaka ikawa nyeusi. Nikajipa moyo kwamba uzee unamrudisha mtu kwenye maneno ya utotoni, kwamba ni hamu tu, mtu akitolewa kwenye kibanja chake lazima aone hamu. Siku mbili nilijipa moyo. Ya tatu nikakata mkungu mzuri, aina anayoipenda, nikachukua na majani ya kupakulia, nikapanda gari la Muleba. Njia nzima nilikuwa nimeushika ule mkungu. Kule Muhutwe kijana mmoja aliniambia, "Bibi, uweke chini, hautakimbia," nikamwambia ashike mambo yake.

Yule binti alinipokea kwa kupiga magoti, kisha akabaki amepiga magoti kama aliyesahau kuinuka. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia, sikuweza.

Mwalimu alikuwa kibarazani, amevaa sweta, nywele zimesukwa vizuri. Akanitazama usoni, akanitazama mikono. Nilisubiri swali lake. Halikuja.

"Mama Koku," akasema. "Migomba yangu umeiacha na nani?"

Ee Mungu, furaha niliyoipata. Alinijua! Alijua na migomba! Nikamweleza ipi imezaa na ipi imeanguka. Akauliza habari za fundi seremala, nikamwambia yuko hai na bado anamlaumu. Akacheka. Tulipoketi kumenya ndizi, yule binti alikuwa anakata ganda nene, Mwalimu akamwambia, "Wewe unachonga penseli? Ganda unalitupa na nyama yake." Nilimtazama yule binti kwa jicho la kumwambia, unaona? Yuko mzima. Mmempa ugali tu mkamwita mgonjwa.

Tukapika na maharage, tukapakua kwenye majani. Mimi na Mwalimu tukala pale kwenye mkeka. Yule binti hakula, alisimama mlangoni na maji ya kunawa. Kwa adabu ya kwao, alisema, hawezi kula mbele ya mama mkwe, huwa anakula baadaye jikoni. Mwalimu alikula vizuri, polepole, ameketi. Alimaliza, akajilamba vidole, akanawa.

"Asante, waitu," akasema kwa ile heshima ya kwetu. "Nimekula."

Yule binti aligeuza uso ukutani akalia. Kisha akampigia mumewe. Nilimsikia anasema, "Ilikuwa ndizi tu. Ilikuwa ndizi tu, baba Neema." Tukaenda uani kuosha vyombo, nami nikawa namweleza ni wapi atapata ndizi nzuri Muleba na asikubali kuuziwa zilizokaa juani. Nilikuwa naongea sana. Nadhani niliongea hivyo kwa sababu nilikuwa nimeogopa siku tatu.

Tuliporudi alikuwa pale pale, mikono mapajani. Ganda la haragwe lilikuwa bado kwenye kidevu chake.

"Mama Koku," akaninong'oneza, "afadhali umekuja. Hawa watu hawanipi chakula. Sijala."

"Tumekula sasa hivi, Mwalimu. Mimi na wewe. Ndizi."

"Nani amekula?" Akautazama mkeka. Akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa ya yule mtu niliyemkuta nyuma ya jiko na kiazi. "Umekula bila mimi? Migomba imekufa yote, wananificha. Niambie wewe. Imekufa?"

Nimezika mume, nimezika mtoto, nimezika kibanja. Sikuwahi kuogopa hivyo. Ilikuwa kama kumwona mtu anaongea na wewe kutoka ng'ambo ya maji, sauti inakuja lakini hapana njia. Na lingine niseme tu: nilijiogopea mwenyewe. Tumelingana umri karibu. Nani atajua nimekula, siku nitakapokuwa sijui?

Yule binti alikuwa ameshika sahani, ananitazama. Alikuwa ameniuliza kwa simu, nami nilikuwa nimemjibu kwa kicheko.

"Ni kichwa, mwanangu," nikamwambia. "Mume wako amesema kweli. Mpelekeni kwa daktari."

"Sawa, mama. Lakini sasa hivi nifanye nini? Nikimwambia amekula, analia. Nikimpa tena, tumbo linamuuma baadaye."

Yote niliyoyajua juu ya njaa alinifundisha mtu aliyekuwa amekaa pale kwenye mkeka. Nikaenda jikoni nikachukua kipande kimoja cha ndizi kilichobaki, nikakiweka kwenye jani, nikaketi mbele yake. Alikipokea haraka. Akakifikisha karibu na mdomo, kisha akasimamisha mkono.

Alikuwa ananitazama mikono.

"Wewe mama," akasema. Hakunijua tena, nilisikia katika sauti. Aliongea kama anavyoongea mtu na mgeni aliyefika wakati wa mvua. "Unatetemeka. Kwenu mlipika saa ngapi?"

Nilifikiri.

"Basi," akasema. "Usiseme. Chukua."

Akakimega kile kipande, akanipa kikubwa. Nilikuwa nimeshiba mpaka kooni. Nikakitia mdomoni, nikatafuna, nikameza, naye akanitazama mpaka kilipopita. Kile chake alibaki nacho kiganjani, kinapoa, hakukila. Uso wake ukawa umetulia, wa mtu ambaye kazi yake imekwenda sawa. Akageuka akamwona yule binti mlangoni na sahani yake.

"Na wewe unayesimama, umekula?"

Binti akanitazama mimi. Nikamwonyesha mkeka.

"Bado, mama," akasema.

"Kaa hapa," akasema Mwalimu, akasogea kumpisha.